Breki ya Mbele ya Tumpale

Kwa miaka kumi na moja Isaka Kibona hakuwahi kuruhusu pikipiki itoke bandani kwake ikiwa na breki moja. Madereva wa Ibaba walilijua jambo hilo na walimcheka. Katika milima ile ya Ileje, mvua zinapokolea, karibu kila dereva wa bodaboda huifungua breki ya mbele. Huchomoa waya, huvua mkono wa breki kwenye usukani, huutia kwenye boksi la spana na kuusahau humo mpaka kiangazi. Sababu wanayoitoa ni moja: kwenye tope, ukiigusa breki ya mbele, gurudumu linateleza na unajikuta umelala chini ya pikipiki.

Sababu hiyo si ya uongo. Ni nusu tu ya habari. Nusu iliyobaki ni kwamba pikipiki inaposhuka mteremko na kufunga breki, uzito huhamia mbele, na gurudumu lililobeba uzito ndilo lenye uwezo wa kuisimamisha. Isaka alifundishwa hayo chuo cha ufundi, kisha akayahakiki mwenyewe barabarani kwa futi ya kupimia. Kila dereva mpya alimweleza kwa subira kwamba breki ya mbele haimwangushi mtu. Kinachomwangusha ni mkono unaoibana kwa ghafla.

"We mzee wa breki mbili," Yonasi alikuwa akimwambia, huku amekaa juu ya tairi kuukuu akisubiri cheni yake ikazwe. "Wewe ni fundi au trafiki?"

"Trafiki anakuandikia. Mimi nakufungia."

"Nikifika pale kanisani naifungua."

"Ifungue. Hapa imetoka ikiwa imefungwa."

Pikipiki moja tu ndiyo iliyotoka bandani humo bila breki ya mbele, na Isaka aliifungua kwa mikono yake. Ilikuwa ya Tumpale, kitinda mimba wa mama mkwe wake.

Tumpale alikuwa na miaka ishirini na minne, mcheshi, mwepesi wa kujibu, na dereva wa wastani. Mwezi wa pili wa mwaka ule, akiwa amebeba gunia la viazi, alikutana na ng'ombe kwenye kona yenye utelezi, akaibana breki ya mbele kwa vidole vyote vinne. Alivunjika mtulinga. Mama yake, Tukuswiga, alikuwa shambani kando ya barabara na alimwona mwanawe akiruka juu ya usukani. Aliyoyaona hayakuhitaji kuelezewa na mtu.

Wiki sita baadaye, Tumpale alipokaribia kupanda tena, mama huyo alikuja bandani.

Hilo peke yake lilikuwa tukio. Kwa watu wale mama mkwe na mkwewe wa kiume hawazoeani. Hawali chungu kimoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja hupisha kwenye majani. Kama kuna neno, hupitia kwa mtu wa kati, hata kama wote watatu wamesimama umbali wa hatua tano. Katika miaka tisa ya ndoa Isaka hakuwa ameisikia sauti ya mama mkwe wake ikielekezwa kwake. Siku ile mama alisimama ukingoni mwa barabara, amewapa mgongo, kanga ameifunga hadi kidevuni kwa baridi. Roda, mke wa Isaka, alikuwa ameleta chakula cha mchana.

"Roda, mwambie mumeo nimekuja."

"Mama amekuja," Roda alisema.

"Mwambie karibu."

"Anasema karibu, mama."

"Mwambie nimekaribia. Mwambie ile breki ya mbele ya mdogo wako aitoe. Yote. Na mkono wake autoe, nisiuone."

Isaka alikuwa amechutama mita nne kutoka kwake, na alilisikia kila neno kabla Roda hajalirudia. Alikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Angeweza kusema kwamba kijana alianguka kwa sababu hakujua kuibana, na kwamba kujua kunafundishika kwa siku mbili. Angeweza kusema kwamba tope litakauka mwezi wa sita na mteremko utabaki palepale. Angeweza kusema tu kwamba kazi hiyo haifanyi, kama alivyomwambia Yonasi na wengine thelathini. Lakini kumkatalia mama mkwe aliyekuja kwa miguu yake ni jambo ambalo hakuwahi kuliona likifanywa na mtu yeyote, na Roda alikuwa akimtazama.

"Mwambie mama nimesikia," alisema.

Kazi ilimchukua dakika kumi na mbili. Tumpale alisimama pembeni, mkono bado umening'inia kwenye kitambaa.

"Shemeji, leo umepatikana. Ngoja Yonasi asikie."

"Kiangazi naurudisha."

"Kamwombe ruhusa mama."

Mwezi wa sita ulifika, barabara ikawa ngumu, vumbi likaanza. Isaka alimwita Tumpale na kumwambia alete pikipiki. Tumpale alikuja bila pikipiki.

"Haiwezekani. Anaikagua kila asubuhi kabla sijawasha. Anaupapasa usukani kama daktari. Akikuta mkono wa breki atalala njiani nisipite."

"Umemweleza?"

"Nimweleze nini? Yeye aliniona naruka. Wewe ndiye fundi, mweleze wewe."

Isaka alisema atamweleza. Alipaswa kumtuma Roda, na Roda angehitaji maelezo marefu, na mama angejibu, na jibu lingerudi. Wakati ule ulikuwa wa kuvuna viazi, kila pikipiki ya kata ilikuwa bandani kwake au njiani kuja. Aliahirisha kwa wiki mbili, kisha wiki hizo zikawa mwezi wa saba wote. Badala yake alifanya alichoweza kukifanya bila kumsumbua mtu. Kila Jumamosi aliifungua haba ya nyuma ya Tumpale, kile kitovu cha gurudumu, akaangalia viatu vya breki, akakaza alipopaswa kukaza. Alimwonya asizime injini kwenye mteremko.

"Shuka na gia ya pili. Injini yenyewe inashika."

"Inakula mafuta, shemeji."

"Inakula mafuta, ndiyo."

Alijiridhisha kwamba hayo yanatosha. Alijua hayatoshi, kwa maana ya kuwa angeulizwa na mwalimu wake wa chuo angejibu hivyo bila kusita. Lakini hakuna aliyemuuliza.

Mteremko mkubwa wa kutoka Ibaba madereva wanauita Kilomita Tatu, ingawa una kilomita mbili na mita mia nane. Siku ya Alhamisi, mwezi wa nane, saa tisa alasiri, Tumpale aliushuka akiwa na magunia mawili ya viazi na injini imezimwa. Yonasi alikuwa nyuma yake na gia ya pili. Baada ya kona ya mwisho kulikuwa na lori la mianzi limesimama, limepasuka tairi. Dereva wake alikuwa ameweka matawi barabarani kama inavyotakiwa, ila aliyaweka karibu mno. Yonasi alisimama. Tumpale hakusimama. Alifariki kabla hawajamfikisha hospitali.

Pikipiki ilirudishwa kwa Isaka siku ya tatu, baada ya askari kumaliza nayo. Aliifungua haba ya nyuma peke yake. Viatu vya breki vilikuwa vimeungua mpaka vikang'aa kama kioo, na vilinuka. Kijana alikuwa amekanyaga breki moja kwa karibu kilomita tatu, na ilipofika mahali pa kuihitaji haikuwa na kitu tena. Isaka alikwenda pale barabarani na futi yake. Alama ya tairi la nyuma ilianza mita thelathini na moja kabla ya lori. Yonasi alimwambia mshale wake wa mwendo ulikuwa kwenye arobaini, na Tumpale alikuwa mbele yake kwa umbali uleule tangu kona ya pili. Kwa mwendo huo, breki zote mbili zikiwa nzima, Isaka alikadiria pikipiki ingesimama kwa mita ishirini na tano. Zingebaki sita.

Hakumwambia mtu. Msibani watu walisema mwendo, wengine walisema dereva wa lori, wengine walisema siku yake ilikuwa imefika. Roda alimuuliza chumbani ni nini kilichotokea, naye akajibu kwamba breki ya nyuma iliungua. Lilikuwa jibu la kweli. Siku ya kuanua tanga, mama alizungumza mbele ya wanawake wa kanisa, na Isaka akiwa nje ya dirisha na wanaume wenzake alimsikia vizuri.

"Namshukuru mkwe wangu. Mimi nilimwomba jambo, akanisikiliza. Wengine wangenidharau."

Wanaume waliokuwa karibu walimtazama kwa heshima. Isaka alitazama kikombe chake.

Tangu hapo aliwaza juu ya jambo hilo kwa namna aliyoizoea, yaani kwa kulipima. Akisema, mama atajua kwamba alilolitaka kwa kumlinda mwanawe ndilo lililomuua, na kijana hatarudi. Asiposema, hakuna atakayeumia zaidi. Hesabu ilikuwa wazi, na aliridhika nayo kwa wiki saba.

Kisha Ambwene, kaka yake Tumpale, alirudi kutoka Saza alikokuwa akichimba dhahabu. Mgodi ulikuwa umemchosha na mama alikuwa amebaki na nyumba yenye watoto wawili wa ndugu. Aliamua kuiendesha pikipiki ya marehemu. Isaka aliinyoosha foku ya mbele, akabadilisha gurudumu, akaweka viatu vipya nyuma na mbele, waya mpya, na mkono wa breki. Ilikuwa mwezi wa kumi, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na mvua za kwanza zilikuwa za siku chache mbele. Asubuhi Ambwene alipokuja kuichukua, mama yake alikuwa nyuma yake. Alisimama palepale ukingoni mwa barabara, amegeuka vilevile.

"Roda, mwambie mumeo naona ameisahau ile kazi."

Roda alikuwa akifagia mbele ya banda. "Mama anasema umeisahau ile kazi."

"Mwambie sijaisahau. Breki hii haitoki."

Roda aliacha kufagia.

"Anasema…" alianza, akamgeukia mumewe. "Nimwambie hivyo?"

"Nimesikia," mama alisema. "Mwambie tope linakuja. Mwambie nimebakiza huyu."

Ambwene alicheka kidogo ili kupunguza uzito. "Mama, mimi mzito, siruki."

"Nyamaza wewe. Roda, mwambie kwa mdogo wako hakukataa."

Isaka aliweka spana chini. Hesabu ya wiki saba ilikuwa imekwisha kufutika, kwa kuwa sasa kulikuwa na mtu wa kuumia: alikuwa amesimama mbele yake, amevaa helmeti mpya, anacheka.

"Roda," alisema, "mwambie mama kwa Tumpale ndipo nilipokosea. Mwambie breki ya nyuma iliungua kwa sababu ilikuwa peke yake. Mwambie ingekuwepo ya mbele, angesimama kabla ya lori. Zingebaki mita sita."

Alilisema kama alivyozoea kueleza hitilafu, kwa mpangilio, chanzo kwanza na matokeo baadaye. Hakuona alichokifanya mpaka alipomtazama mkewe. Roda alikuwa ameushika ufagio kwa mikono miwili. Ndugu yake alikuwa na miezi miwili kaburini, na hilo ndilo alilotakiwa kumpelekea mama yake, kwa maneno yale, kwa kinywa chake, dakika ileile alipolisikia.

"Sisemi," Roda alisema. "Mwambie mwenyewe."

Alikwenda ndani ya banda na kubaki humo.

Ambwene alivua helmeti. Mama aligeuka, akamtazama Isaka moja kwa moja, na Isaka ndiye aliyeinamisha macho.

"Siku ile ulilijua hilo?" alimuuliza.

"Nililijua, mama."

"Siyo kwamba umelijua baadaye. Siku ile."

"Siku ile."

"Kwa nini hukunikatalia?"

"Ulikuwa mama mkwe."



"Kama ningemtaka mkwe, mkwe ana nyumba," mama alisema. "Ningemtuma mtu nyumbani. Mimi nilikuja bandani. Nilikuja kwa fundi. Nilijua sijui, ndiyo maana nilitembea mpaka hapa."

Isaka aliokota spana, akaiweka tena chini.

"Hizo mita sita umezipima?"

"Nimekadiria."

"Basi kapime," mama alisema, na akaondoka kwa miguu.

Walipima Jumamosi, kabla mvua haijaanza. Yonasi alisimama juu ya kona kuzuia vyombo, bila utani wowote siku hiyo. Magunia mawili ya mchanga yalifungwa nyuma, yenye uzito uleule wa viazi. Ambwene alitaka kuendesha yeye, Isaka akamkatalia kwanza, kisha akaona kwamba asiyejifunza leo atajifunza kwenye tope. Kwa hiyo waliendesha wote wawili kwa zamu, injini imezimwa, mshale kwenye arobaini. Isaka alikuwa amechora mstari wa chokaa pale alama ya tairi ilipokuwa imeanzia na mwingine pale lori lilipokuwa limesimama. Alimfundisha Ambwene kuibana breki ya mbele kwa vidole viwili, polepole kwanza halafu kwa nguvu, mguu ukianza nusu sekunde kabla ya mkono. Ambwene alikosea mara mbili, mara ya tatu akaweza. Walirudia mara nane, wakipumzika katikati ili haba zipoe, na mara mbili za mwisho Isaka aliteremka kilomita zote tatu akiwa amekanyaga, ili breki ya nyuma ifike pale ikiwa na moto.

Alitarajia idadi ithibitike, au ipungue. Moyoni alitamani ipungue. Kama zingebaki mita moja, au sifuri, angekuwa na mashaka, na mashaka yangemsaidia. Lakini mara zote nane, hata na breki ya nyuma iliyokwisha kuungua, pikipiki ilisimama ndani ya mita ishirini na mbili.

"Zimebaki tisa," Ambwene alisema, amesimama juu ya chokaa. Hakuitazama futi. Alihesabu kwa hatua.

Jioni Isaka alikwenda kwa mama mkwe peke yake. Roda hakukataa kwenda. Alisema tu kwamba yeye si barua. Tangu siku ile alikuwa akimpikia, akimfulia na kumjibu alichoulizwa, na mara moja tu, akitandika kitanda, alisema, "Ungeniambia mimi kwanza." Isaka alikubali kwamba alipaswa kumwambia yeye kwanza. Lilikuwa kosa la pili, na hilo halikuwa na kipimo.

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Hakugeuka, na hakumpa kiti.

"Ni ngapi?"

"Tisa."

"Zimeongezeka."

"Nilikadiria vibaya."

Aliendelea kuchambua. Mawe madogo aliyatupa upande wa kushoto, moja moja.

"Na kama asingezima injini?"

"Zingebaki zaidi. Pengine breki isingeungua kabisa."

"Alizima mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilimwonya."

"Yule alikuwa hasikii," mama alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatetemeka kidogo, kama mtu anayemlalamikia mtoto aliye hai. Ikatulia. "Basi hilo la injini ni lake. Breki ni yangu."

"Na yangu, mama."

Hakulikubali wala hakulikanusha. Alisogeza ungo kwenye mwanga uliokuwa unapungua, akainamisha kichwa ili aone vizuri. Isaka alisimama akingojea aambiwe aende au akae. Kwa mbali, kutoka upande wa barabara, walisikia pikipiki ikipanda kutoka bondeni, na wote wawili wakanyamaza kuisikiliza mpaka ilipoizunguka kona na kupita salama. Haikuwa ya Ambwene. Ambwene alikuwa ndani, amelala. Mama alijua hivyo, na bado alingoja mpaka mlio wake ulipokwisha kabisa ndipo akaokota harage lingine.